Kigingi Namba Saba

Ilitangazwa rasmi, kwa karatasi yenye mhuri na saini mbili, kwamba ufukwe wa upande wa kaskazini uko salama. Tangazo lilieleza kwamba vivunja mawimbi vitatu, vilivyojengwa baharini kwa utaalamu wa hali ya juu, vimetimiza lengo lake; kwamba hofu ya mmomonyoko inayoenezwa na baadhi ya wakazi haina msingi wa kitakwimu; na kwamba mahali palipofanya vizuri kuliko pote ni kituo namba saba, ambako ufukwe umeongezeka mita ishirini na tatu ndani ya mwezi mmoja. Lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, nyuma ya kioo, pembeni ya ratiba ya kusafisha choo.

Mtu aliyekijua kituo namba saba kuliko wote alilisoma akiwa amesimama, akalirudia, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Alikwisha kustaafu, na siku hiyo alikuja tu kurudisha ufunguo wa stoo.

Ofisini walimwita Mita. Mtaani pia walimwita Mita, na mkewe akikasirika alimwita Sentimita. Kazi yake kwa miaka ishirini na mmoja ilikuwa moja. Kila mwezi, siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine zote, maji yakishajaa hadi mwisho wake na kuanza kurudi, alipita ufukweni na utepe wa mita hamsini begani akipima vituo kumi. Kila kituo kilikuwa na kigingi cha mti mgumu kilichosimikwa nchi kavu, na juu ya kigingi msumari. Unatundika pete ya utepe kwenye msumari, unatembea kuelekea baharini hadi kwenye mstari wa mwani, ule uchafu wa majani na vifuniko vya chupa ambao maji huuacha kuonyesha yalipofikia, unasoma namba, unaiandika. Msumari ndio uliokuwa msaidizi wake. Aliupenda kwa sababu hauchelewi kazini na hauulizi chakula ni saa ngapi.

Fomu ilikuwa na visanduku kumi vya namba, na pembeni safu nyembamba iliyoandikwa Maelezo, ambayo upana wake ulitosha neno moja na nusu.

Vivunja mawimbi vilijengwa katika mwaka wake wa pili. Ni kuta tatu za mawe makubwa, zimelazwa baharini sambamba na pwani, mbele ya hoteli, barabara kuu na ofisi yenyewe. Mhandisi aliyezibuni, wakati huo kijana, mtu wa shati la mikono mirefu hata jua likiwa utosini, aliwaeleza wafanyakazi kwa upole. Wimbi likigonga mawe linakufa. Nyuma ya mawe maji yanatulia. Mchanga unaosafiri na mkondo kufuata pwani ukifika hapo penye utulivu unachoka, unakaa.

Na kweli ulikaa. Haikupita miaka miwili ufukwe wa mbele ya ofisi ukajaa, ukatoa ulimi, ulimi ukarefuka hadi ukayagusa mawe, watu wakawa wanaufikia ukuta wa baharini kwa miguu bila kuvua viatu. Wafanyakazi walicheza mpira pale saa ya mapumziko. Dirisha la Mhandisi lilitazama hapohapo, na si rahisi kumshawishi mtu kwamba mchanga unapotea ilhali kila asubuhi unafagiliwa mlangoni kwake.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: mchanga huo, kabla haujaanza kuchoka, ulikuwa ukienda wapi? Ulikuwa ukienda kaskazini, kituo cha tano, cha sita, cha saba na kuendelea. Sasa haukufika. Bahari ya kule haikupewa nakala ya taarifa, ikaendelea kuchukua mgao wake wa kila siku kama ilivyozoea, ila sasa hapakuwa na kinachoingia.

Kituo cha saba kilikuwa mbele ya nyumba aliyoiacha mama yao. Aliyekaa humo ni dada mkubwa wa Mita, fundi cherehani, mjane, mwanamke ambaye wateja walimvumilia ulimi wake kwa sababu ya mishono yake. Mwaka ule wa kwanza, kwa kujifurahisha tu, Mita alipima kutoka mstari wa mwani hadi kizingiti cha mlango wa mbele akapata mita mia moja na kumi na mbili. Akaandika namba hiyo kwa penseli kwenye fremu ya mlango.

"We, huo ni mlango au daftari lako?" dada yake alimwuliza.

"Kumbukumbu tu, Dada."

"Kumbukumbu kaandike kwako. Mkeo ana milango."

Lakini hakuifuta.

Kigingi cha kwanza cha kituo hicho kilianguka mwaka wa nne. Mita alifika akakuta shimo limejaa maji na kaa mmoja ndani yake. Kwa kuwa hakuna msumari, hakuna kipimo, aliacha kisanduku cha saba kitupu. Fomu ilirudishwa wiki hiyohiyo na wino mwekundu: Fomu yenye pengo haipokelewi. Rekebisha.

Akafungua kitabu cha maelekezo. Kilikuwa na sentensi moja tu juu ya vigingi, nayo inasema kigingi kisimikwe mita ishirini na tano kutoka mstari wa maji makuu. Mita alikuwa mtu wa kufuata kitabu. Alipima ishirini na tano kutoka pale maji yalipofika siku hiyo, akasimika kigingi kipya, akakipaka rangi, akakiandika 7, akagongelea msumari. Kwenye kisanduku akaandika ishirini na tano. Kwenye Maelezo akaandika "kigingi kimesogezwa", maneno yakatoka nje ya safu na kupanda juu ya jina la ofisi. Fomu ikapokelewa.

Tangu siku hiyo namba za kituo cha saba zikawa na mwendo wake. Ishirini na tano, kumi na tisa, kumi na mbili, sita, mbili. Kisha, baada ya kigingi kwenda na maji na mwenzake kusimikwa, ishirini na tano tena. Ilichukua miaka mitano hivi kila mzunguko. Mita aliandika kila mara kwamba kigingi kimesogezwa, na kila mara fomu ilipokelewa, naye akalala usingizi wake akijua kwamba aliyeandika ameandika na wa kusoma watasoma.

Mwaka wa kumi na moja walimpa cheti. Hakuna mpimaji mwingine aliyewahi kuleta fomu za miaka yote hiyo bila pengo hata moja. Palikuwa na chai, palikuwa na keki, na Mhandisi, aliyekwisha kuota mvi mbili tatu za heshima, alifunua mchoro mkubwa ukutani. Ulikuwa mstari wa kituo namba saba, unashuka taratibu, unaruka juu, unashuka taratibu, unaruka juu, kama meno ya msumeno.

"Hiki ndicho wenzetu wasiojua takwimu wanachokiita mmomonyoko," alisema Mhandisi. "Tazameni. Ufukwe unapungua, halafu unarudi wenyewe. Unapungua, unarudi. Ndugu zangu, ufukwe huu unapumua."

Watu wakapiga makofi. Mita, cheti mkono mmoja na sahani mkono mwingine, aliyatambua yale meno jino kwa jino. Jino la kwanza lilikuwa na kaa ndani yake. Jino la pili alilisimika mvua ikinyesha. Alijua kwamba pale mstari uliporuka juu, bahari haikurudi nyuma hata kidole, aliyerudi nyuma ni yeye. Alitaka kuinua mkono. Lakini mdomo ulikuwa umejaa keki, na alipofanikiwa kumeza, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye picha ya pamoja.

Kigingi kilichofuata kiliangukia, kwa hesabu ya kitabu, ndani ya ua wa dada yake.

"Ndiyo nini hiyo unanichomekea uani?"

"Kigingi, Dada. Cha ofisi."

"Na kile cha mwanzo?"

"Kimechukuliwa na maji."

"Kimechukuliwa na maji, nawe unamleta mwenzake hadi hapa. Huoni kama unayaonyesha maji njia ya kwetu?"

"Dada, mimi napima tu."

"Najua. Hata anayenunua sanda huanza na kupima." Akaondoka, akarudi na kamba, akaifunga kwenye kigingi cha serikali na kuanika mashuka. "Basi angalau kifanye kazi."

Ni mwanamke huyu, aliyeishia darasa la sita, aliyekieleza kivunja mawimbi vizuri kuliko mtu yeyote ambaye Mita alipata kumsikia. Alikuwa akishona sketi ya bibi harusi, sindano tatu za kubania zikiwa mdomoni, akamwita mdogo wake karibu na cherehani.

"Njoo uone. Hapa nina mita tatu za kitambaa. Nikitia marinda mbele, nikiyabana mengi, yakapendeza, nyuma kunakuwaje?"

"Kunapungua."

"Kunapungua. Kwa sababu kitambaa ni kilekile, mdogo wangu, hakizai. Sasa huyo Mhandisi wenu hana mke? Hajawahi kuona sketi?"

Mita alicheka. Aliyapeleka maneno hayo ofisini kama kichekesho, na ofisini pia walicheka.

Kisha, mwaka wake wa ishirini, ikatoka habari iliyowafanya watu wa kaskazini wasimame barabarani kuzungumza. Serikali italeta mawe na kuyapanga mbele ya nyumba zilizo hatarini, kabla ya bamvua kubwa za mwisho wa mwaka. Mawe hayatoshi pwani yote. Yatakwenda kwenye vituo ambavyo takwimu zinaonyesha upungufu wa kudumu. Nyumba itakayopata mawe itasimama. Isiyopata, kila mtu alijua.

"Basi mimi sina wasiwasi," dada yake aliwaambia majirani. "Takwimu zenyewe anazo mdogo wangu."

Mwezi huohuo kigingi cha uani kilikwenda na maji, pamoja na kamba na foronya mbili. Mita alikuja na kitabu chake, akapima ishirini na tano kutoka mstari wa mwani, akajikuta amesimama kizingitini. Hapakuwa na pa kuchimba. Akatoa nyundo, akapigilia msumari kwenye fremu ya mlango wa mbele, kiganja kimoja chini ya pale palipoandikwa, kwa penseli iliyofifia, mia moja na kumi na mbili.

Dada yake alikuwa amesimama ndani, futi yake ya kupimia nguo imening'inia shingoni, anatazama nyundo.

"Wameshatuandika?" aliuliza. "Kwenye orodha?"

"Bado haijatoka."

"Lakini itatoka na sisi."

"Itatoka na sisi, Dada."

Orodha ilitoka wiki mbili baadaye. Ilikuwa na kituo kimoja, cha kwanza, kwenye kona ya hoteli. Kigingi cha pale hakikuwahi kuanguka wala kusogezwa, kwa hiyo kilikuwa na nafasi ya kuonyesha upungufu wa kudumu: sentimita arobaini kwa miaka ishirini.

Mita alikwenda kwanza kwa karani, binti mwenye adabu, akamwomba amfungulie kituo cha saba kwenye kompyuta. Namba zote zilikuwepo. Hakukuwa na neno hata moja.

"Na Maelezo?"

"Maelezo hayaingizwi, mzee. Mfumo unapokea tarakimu tu. Ukitia neno unagoma."

"Tangu lini?"

"Mimi niliukuta hivyo."

Akabeba nakala zake za fomu, faili mbili, akaingia kwa Mhandisi. Mhandisi alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga hata dirisha ili kelele za mpira zisiwasumbue.

"Ulisogeza mara ngapi?"

"Mara nne, pamoja na hii ya mlangoni."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kwa kitabu cha maelekezo."

"Kitabu kinasema kusimika, Mita. Hakisemi kusogeza." Mhandisi akavuta pumzi. "Sasa tufanye nimeyapokea haya. Kitakachotokea ni kwamba takwimu za kituo cha saba zinafutwa, zote, kwa sababu zimeharibika. Na kituo kisicho na takwimu hakiwezi kuingia kwenye orodha. Hapo tumesaidia nini?"

"Zikibaki, nyumba haimo. Zikifutwa, nyumba haimo."

"Zikibaki, angalau wewe una cheti chako."

Mita alifikiri. "Kuna alama kwenye fremu ya mlango," alisema. "Mita mia moja na kumi na mbili. Niliiandika mwaka wa kwanza. Sasa ni ishirini na tatu."

"Alama ya nini?"

"Ya penseli."

Mhandisi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mita," alisema, "hebu jisikilize."

Alimwambia dada yake siku hiyohiyo, mchana, cherehani ikiwa inakimbia. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma fomu: kaa shimoni, wino mwekundu, kitabu, safu ya Maelezo, meno ya msumeno. Hata siku ya cheti hakuiruka. Cherehani ilikuwa imesimama zamani.

"Kwa hiyo siku ile ulijua," dada yake alisema.

"Nilijua."

"Miaka tisa hii."

"Nilidhani wanasoma Maelezo, Dada."

"Si ndiyo ulimwona mtu na mchoro wake anasema unapumua?"

"Ndiyo."

Dada akaondoa uzi uliobaki kwenye goti lake, akautazama, akautupa. "Hiyo keki, ilikuwa ya nini?"

"Ya vanila."

"Tamu?"

"Tamu."

"Haya," alisema, na akaendelea kushona.

Bamvua kubwa zilikuja kwa wakati wake, miezi ya kabla yake ikiwa imekwisha kuula ua wote hadi kubaki mita mbili. Wala hapakuwa na dhoruba ya kusimulia. Palikuwa na asubuhi nyeupe, upepo wa kawaida, na maji yaliyopanda yakafika ukutani na kuanza kuchimba chini ya msingi kwa utulivu wa fundi aliyelipwa kwa siku. Mita na majirani walitoa cherehani kwanza, kisha kabati, kisha picha ya mama. Ukuta wa mbele uliinama saa nne, ukabaki umeinama kwa muda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha ukalala. Fremu ilikwenda na ukuta, na msumari na namba vilikwenda na fremu. Kesho yake maji yalimalizia kuta zilizobaki, yakaacha sakafu.

Dada alihamia kwa Mita. Mke wa Mita alimpisha chumba cha mbele na kumbembeleza kila siku, "Wifi, kula basi," "Wifi, pumzika," naye alikula na kupumzika na kuwatania watoto wa jirani kama zamani. Aliiweka cherehani ikitazama ukuta. Hakumlaumu mdogo wake mbele ya watu wala faraghani, na wageni walisema ana moyo mkubwa. Siku moja tu, alipokuwa akikata shati la mteja, Mita aliinuka kumsaidia, akaichukua ile futi juu ya meza na kushika ncha yake.

"Weka," dada yake alisema bila kuinua uso. "Nitapima mwenyewe."

Akaiweka. Hakuigusa tena, na hakuna aliyemwambia aiguse.

Mwezi wake wa mwisho kazini Mita alipita vituo kumi kama kawaida. Vituo tisa aliviandika namba. Cha saba hakusimika kigingi. Kwenye kisanduku, mahali pa tarakimu, kwa herufi ndogo ili yatoshe, aliandika: Palikuwa na nyumba.

Fomu ilirudishwa na wino mwekundu. Lakini ilirudi akiwa amekwisha kuagwa, kwa chai bila keki safari hii, ikawa ni juu ya mrithi wake kuirekebisha. Mrithi alikuwa msichana makini, mwandiko mzuri, aliyesoma kitabu cha maelekezo jalada hadi jalada kabla ya kugusa utepe. Alipima ishirini na tano kutoka mstari wa mwani, akavuka barabara, akasimika kigingi kipya pembeni ya kibanda cha fundi viatu. Kipimo cha mwisho cha msumari wa mlangoni kilikuwa mbili. Cha sasa kilikuwa ishirini na tano. Kompyuta ilitoa yenyewe, ikapata ishirini na tatu.

Alipomaliza kulisoma tangazo, Mita alimkabidhi karani ufunguo wa stoo, akaweka saini. Kutoka ofisini hadi kituo cha saba ni mwendo wa dakika arobaini, na siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa sana. Alikuwa na utepe wake wa zamani, ambao hakuna aliyekumbuka kumdai. Akatundika pete kwenye msumari wa kigingi kipya, fundi viatu akainua kichwa na kukiinamisha tena, naye akavuka barabara na kushuka, akapita mstari wa mwani kwenye ishirini na tano, akaendelea.

Sakafu ya chumba cha cherehani ilikuwa wazi, nyekundu bado, na vile vishimo vinne ambavyo miguu ya cherehani ilivichimba kwa miaka mingi vilikuwa vimejaa maji. Alisoma utepe: mita thelathini na moja. Fomu haina kisanduku cha hiyo.